Ufundi: Sufuri

Nimeandika mgongoni mwa bahasha ya bili ya gesi,
maana karatasi safi humshawishi mtu aongope.
Makabati: elfu tatu na mia nne.
Kaunta ya granaiti: elfu moja na mia tisa.
Hapo kalamu ilisita; nikausingizia uzee.
Jiko la umeme, mia sita. Sinki na bomba lake, mia mbili arobaini.
Mashine ya kuosha vyombo, mia nne na ishirini.
Vigae, mia tatu na kumi. Fundi wa umeme, mia saba.
Na Gethin mwenyewe, ufundi: elfu mbili na mia sita.

Jumla, pauni elfu kumi, mia moja na sabini.
Benki ninazo elfu tisa.

Miaka ishirini na sita niliwapikia watoto wa shule hapa Llanelli,
kwa fedha ya halmashauri, ambayo ilikuwa fedha ya kuhesabia mbaazi.
Najua kurefusha mchuzi.
Basi granaiti nikaifuta: mbao ya kubandika, mia nane na hamsini,
nayo haitalia nikiiwekea sufuria ya moto,
itaungua tu, kimyakimya, kama sisi wengine.
Mashine ya vyombo nikaipiga mstari.
Mikono ninayo miwili, na sahani yangu ni moja.

Elfu nane na mia saba. Zimebaki mia tatu.
"Bibi Eirlys," akasema Gethin, kijana mpole,
mwenye kipimo kinachorusha nukta nyekundu ukutani,
"weka asilimia kumi ya dharura. Nyumba za zamani zina siri."
Nikamwambia, jikune ujipatapo, mwanangu.
Siri za nyumba hii nazijua zote.

Alhamisi akang'oa kabati la pembeni.
Lilikataa. Likalia kwa misumari yake yote,
kisha likatoka na vumbi la miaka thelathini na minane,
na kijiko cha chai nilichomlaumu dada yangu Nesta kukiiba.
Nyuma yake, juu ya lipu tupu, mwandiko wa penseli,
tarakimu za Idwal, saba zake zenye mkanda kiunoni:

mbao 61
bawaba 9
sinki (mtumba) 15
rangi 7
ufundi 0

Na chini yake, amepigia mistari miwili, 92.

Gethin akazima redio bila kuambiwa.

Nilikuwa nimesahau kwamba jiko lile lilikuwa na bei.
Nilikumbuka Jumapili tu, kumi na saba,
yeye katoka zamu ya usiku kiwanda cha bati,
magoti sakafuni, penseli sikioni,
nami nikilalama kwamba mlango wa droo umekaa upogo.
Ulikuwa upogo. Umekaa upogo mpaka juzi.

Nikaomba penseli.
Jumapili kumi na saba, saa nane kila moja:
saa mia moja thelathini na sita.
Kwa pauni ishirini kwa saa, nikampa kima cha leo,
sikutaka kumpunja marehemu,
elfu mbili, mia saba na ishirini.
"Amekushinda kwa mia na ishirini," nikamwambia Gethin.
"Na milango yangu imenyooka," akajibu,
tukacheka mpaka nikakaa juu ya ndoo.

Ile sufuri sikuifuta.
Nilipanga tarakimu zangu kando yake, ndogondogo,
kama mtu anayejibu barua iliyochelewa.

"Nipige lipu juu yake, au niache?"
Nikatazama. Kaunta itapita hapo, na soketi ya birika.
"Piga," nikasema. "Aliandika mahali pa kufunikwa."

Jioni nikairudia bahasha.
Ile mia tatu ya dharura haikufika Jumatatu:
bomba la maji machafu, chini ya sinki, lilikuwa limeoza,
siri moja ambayo Idwal hakuiandika.